Ambushi ya Alhamisi

Maili Moja, Kibaha
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kaka yangu mpenzi Maneno,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama ulivyoagizwa hospitali, na si huko kwenye mihogo ukijikongoja kwa siri ukidhani wifi hakuoni. Goti linasemaje? Wifi yangu Mwanamkuu hajambo, na kuku wake, na yule mbuzi aliyetafuna mlango wa choo? Sisi huku Kibaha hatujambo, alhamdulillah. Mjukuu wangu Firdausi, ninayekaa naye hapa, yuko kidato cha pili na anakula kama kuli. Cherehani yangu inazunguka. Mwenyewe ni mzima, ila wiki nzima iliyopita moyo wangu haukutulia, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kitako kukuandikia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu yako unaifungulia sauti yote. Nikikuambia jambo asubuhi, kabla ya Adhuhuri Mzenga nzima imeshalijadili na kulitolea hukumu. Barua hii nimempa Dotto, yule mama wa huko kwenu anayeleta mihogo kuuza hapa Maili Moja. Nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimepitisha uzi mwekundu. Ukikuta uzi umekatwa usimwambie kitu Dotto, nitumie tu salamu kwamba huko mvua imenyesha, nami nitaelewa.

Najua Yahya mwanangu ameshakusimulia ya Alhamisi kwa namna yake. Nawe mwenyewe ulikuwapo kwa masikio, ingawa si kwa macho. Lakini tangu Yahya apitie mafunzo ya jeshi ya JKT, kila jambo kwake ni operesheni. Hata akienda kununua mkaa anasema anaingia uwanja wa mapambano. Basi nisikilize na mimi, tangu mwanzo, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Mzee Salehe humfahamu kwa sura, lakini jina lake najua limeshakufikia. Ni mwanajeshi mstaafu, amefiwa na mkewe, amejenga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mara ya kwanza alikuja baada ya Idi na pazia, akaomba nilipunguze. Nikalipunguza. Kesho yake akaja na pazia jingine. Kisha kanzu, kisha foronya, kisha mfuko wa suruali uliotoboka. Nikaanza kujiuliza mwanamume anayeishi peke yake ana madirisha mangapi. Siku moja akaleta shati lililotoka kifungo. Unanijua, kaka, mimi sishoni kitu kabla sijakikagua. Nikatazama uzi uliobaki kwenye kitambaa, nikaona umekatwa sawasawa, kwa wembe. Kifungo kile hakikutoka, kilitolewa. Nilikishona, nikamrudishia shati lake, nikaanza kumtazama vizuri.

Ikawa ndio desturi. Kila siku baada ya Alasiri anakuja, anakaa kwenye benchi la barazani, mimi niko kwenye cherehani, Firdausi yuko pembeni na madaftari yake, na karibu na Maghrib anaaga. Hakuna la ajabu lililotendeka hata siku moja, na wala sijitetei, maana sikuulizwa. Lakini watu wa mtaa wakaanza kukohoa wakipita, na wewe unajua kikohozi cha namna hiyo hakitibiwi hospitali.

Sasa sikiliza nilivyolisikia neno ambushi. Jumatatu Yahya alikuja kutoka kwake mtaa wa Picha ya Ndege kunijulia hali, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya Ijumaa. Simu yake ikalia, akaenda kuipokea nyuma ya nyumba, kwenye simtanki la maji. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Dirisha la jiko linatazama simtanki, hilo ni kosa la fundi aliyejenga, si langu. Nikamsikia anamwambia mtu kwamba tukimwambia atakataa, kwa hiyo hapa ni ambushi tu, Alhamisi baada ya Alasiri, na asishtuke mapema. Akalirudia hilo neno, ambushi, tena kwa raha, kama mtu anayemung'unya pipi. Mwisho akasema haya mjomba, akakata simu, akaingia ndani na kuniuliza kama nina afya njema.

Mjomba! Kaka, nilikaa na ule mchicha nikawahesabu wajomba wa Yahya. Baba yetu alizaa wawili tu, mimi na wewe. Nilihesabu tena kwa kuwa sikutaka kuamini, jibu likawa lile lile.

Neno lenyewe nilikuwa nalisikia juu juu. Redioni hulitaja kwenye habari za vita. Vijana wanaouza maji na karanga stendi hulipigia kelele mgambo wanapotokea, wakakimbia na ndoo zao. Hata Firdausi rafiki zake wakija wakati wa chakula husema bibi tumekufanyia ambushi. Lakini kulisikia si kulijua. Nikamwomba Firdausi anitazamie kwenye kamusi yake ya shule, nikamwambia ni kwa ajili ya mteja. Akasoma kwamba ni kushambulia kwa ghafla kutoka mafichoni, na chini yake palikuwa na sentensi ya mfano, kwamba kikosi kiliwavizia maadui bondeni na hakupona hata mmoja. Hakupona hata mmoja.

Kwa nini niogope? Wewe unajua kwa nini. Siku ya arobaini ya marehemu baba Yahya, watu hawajamaliza hata kunawa mikono, ulisimama ukasema mjane hakai peke yake mjini, arudi Mzenga kwa nduguze. Mimi nikasema sitaki. Ukanyamaza, lakini mwaka jana nilipokuja kukutazama goti nikaona umejenga chumba uani, bati jipya, mlango unatazama mashariki, na wifi akanionyesha pa kuweka cherehani kana kwamba ananionyesha tu upepo unapopita. Nyumba hii ya Kibaha tuliijenga mimi na marehemu. Maji ya kuchanganyia udongo niliyateka mimi, mimba ya Yahya ikiwa tumboni. Mzenga ni kwetu na nitazikwa huko inshallah, lakini sitaki kutangulia kabla ya kufa. Kwa hiyo niliposikia ambushi na mjomba katika sentensi moja, nilichokiona kichwani ni lori la kenta limesimama mlangoni, vitu vyangu vinapakiwa, na mimi napakiwa juu yake.

Na dalili zilinijia moja baada ya nyingine. Jumanne mkwe wangu Naila, mke wa Yahya, alikuja bila kuitwa, akaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, akafagia chumbani kwangu, jambo ambalo tangu aolewe hajawahi kulifanya. Alipokuwa anafagia aliimba. Mtu mwenye nia njema haimbi namna ile. Mchana huo Yahya akaja kuchukua benchi la barazani, akasema mguu wake mmoja umelegea anapeleka kwa fundi. Benchi lile limelegea tangu Firdausi hajazaliwa na hakuna aliyewahi kulionea huruma. Kisha wewe ukapiga simu. Ukaniuliza habari za hali ya hewa ya Kibaha, ukaniuliza bei ya sukari, na katikati, kwa upole ambao si wako, ukaniuliza kama Alhamisi nitakuwapo nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, na kinanipigia simu kwa sauti ya juu.

Jumanne hiyo hiyo, kwa kuwa benchi lilishaondoka, Mzee Salehe alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikaona mwenye kujua vita ndiye wa kuulizwa maneno ya vita. Nikamuuliza, huku nikiingiza uzi kwenye sindano ili asione uso wangu, ambushi maana yake hasa ni nini.

Kaka, sijawahi kumwona mtu akifurahia swali namna ile. Alisema watu wanalitumia neno hilo vibaya. Mgambo wakivamia wauzaji wa stendi, hiyo kwa Kiingereza ni reidi, kwa sababu wao ndio waliomfuata mtu alipo. Ambushi ni kinyume chake. Mwenye kushambulia hasogei. Analala kimya pembeni mwa njia anayojua utapita, na wewe unajipeleka mwenyewe kwa miguu yako. Ndiyo maana, alisema, ambushi hainasi mjinga wala mwoga, inanasa mwenye mazoea, yule anayepita njia ile ile saa ile ile. Akisha kusema hivyo aliitazama saa yake, akatazama mlango wangu.

Nikamuuliza aliyenaswa afanye nini. Akasema wengi hugeuka kukimbia, wengine hulala chini, na hao ndio wanaokufa, maana aliyewavizia hayo yote ameshayafikiria. Dawa ni moja tu, kuwakimbilia palepale walipojificha, kwa kelele, kwa sababu hilo ndilo wasilolitarajia. Nikamshukuru. Sikumwambia kwa nini nauliza. Wakati ule hata yeye nilimshuku. Mtu anayekata vifungo vyake kwa wembe anaweza kutenda lolote.

Basi nikajipanga. Hati ya nyumba niliitoa kabatini nikaishona ndani ya mto ninaolalia. Jirani yangu mwenye duka nilimwomba akiona kenta lolote linapunguza mwendo mbele ya nyumba yangu apige mluzi. Jumatano Firdausi alipokwenda shule nikafunga mlango, nikaipekua nyumba yangu mwenyewe kama polisi, nione Naila alikuwa anafagia nini. Nilichokikuta nitakuambia mbele, usiruke mistari.

Alhamisi ikafika. Benchi halikuwapo, na ndoo nilikuwa nimeijaza maji, kwa hiyo Mzee Salehe alipokuja alikaa sebuleni, mlango wazi, Firdausi yuko dirishani anasoma. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kiua, na mkononi ana foronya ya kushonwa. Hata hajamaliza kunieleza ilivyochanika, nikasikia miguu. Hodi haikupigwa. Akaingia Yahya mbele, nyuma yake Ustadhi Ally wa msikiti wetu, nyuma yao wanaume wawili wa jamaa za marehemu kutoka Mlandizi, na mwisho Naila, anakwenda moja kwa moja chumbani kwangu, anatoka na mkeka mpya uliokunjwa. Nje, mlango wa uani, walisimamishwa vijana wawili ili Mzee Salehe asitokee huko. Mzee wa watu na miaka yake sitini na ushei, walidhani ataruka ukuta.

Hapo kila mtu aliyelelewa Pwani angeelewa. Ulikuwa ni mkeka, kaka. Ndoa ya mkeka, ile ya mwanamume kukutwa ndani kwa mwanamke, shehe huyo, mashahidi hao, mkeka chini, watu wanaozwa kabla hawajapata pumzi. Mimi niliijua kwa wasichana na vijana wa watu. Sikujua kuwa bibi mwenye mjukuu wa kidato cha pili naye hutandikiwa.

Yahya akasoma mashitaka. Alisema ameingia nyumbani kwa marehemu baba yake akamkuta mwanamume asiye maharimu wa mama yake, na heshima ya ukoo haiwezi kupepea barazani kama nguo za kuanikwa, kwa hiyo mzee hatoki hapa mpaka jambo litengenezwe. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, mishipa ya shingo imesimama. Mzee Salehe hakubisha. Alinyanyuka, akaweka kofia yake sawa, akasogeza kiti ili Naila apate nafasi ya kutandika. Yahya akabaki ameshika maneno yake yote mdomoni, hana pa kuyatua.

Ustadhi Ally ni kijana lakini ana utaratibu. Akauliza walii wa mwanamke, yule wa kumwozesha, yuko wapi. Yahya akatoa simu, na sauti yako ikajaa sebuleni, na nyuma yake nikawasikia kuku wa wifi. Ukasema wewe Maneno bin Maulidi, kaka wa kuzaliwa, umeridhia na umemfanya Ustadhi wakili wako aoze. Uliisema vizuri sana, bila kukwama, kama mtu aliyeifanyia mazoezi. Ustadhi akashukuru, akanigeukia, akaniuliza kama na mimi nimeridhia kuolewa na Salehe bin Yusufu.

Nikanyamaza.

Naila akamnong'oneza Yahya kwamba kunyamaza ndiko kukubali. Ustadhi akamsikia. Akaeleza kwamba hiyo ni ya mwanamwali ambaye hajaolewa, kwake kimya kinatosha kwa sababu ya haya. Mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi kwa kimya, ni lazima aseme kwa ulimi wake, na asiposema hakuna ndoa, hata walii awe ameridhia mara mia. Kaka, laiti ungeuona uso wa Yahya! Mliziba mlango wa mbele na wa nyuma, mkaondoa benchi, mkaleta shehe na mashahidi, mkaweka walii hewani, na katika mipango yote hiyo hakuna aliyekumbuka kuwa mimi nina ulimi.

Nikaendelea kunyamaza. Nilivuta uzi, nikaanza kuishona ile foronya. Jasho likamtoka Yahya. Wazee wa Mlandizi wakatazama dari. Wewe ukawa unauliza halo, halo, amesemaje, na wifi nyuma yako anakuuliza kama mtandao umekatika. Mtandao haukukatika. Nilikuwa nawapa nafasi ya kukaa kidogo kule walikotaka kuniweka mimi.

Kisha nikasema. Nilisema kabla ya kujibu nina yangu, na nataka mashahidi wayasikie kwa kuwa ndiyo kazi yao. La kwanza, nyumba hii ni yangu na nitaendelea kukaa humu humu Maili Moja. Atakayenioa ndiye atakayehama. La pili, chumba cha uani huko Mzenga apewe mwenye shida nacho, mtu yeyote asinitajie tena. Nikakuuliza wewe kama umesikia. Ukasema umesikia. Nikakuomba urudie kwa sauti, maana simu zina hila, ukarudia, na nadhani Mzenga nzima nayo ikasikia. Na mahari yangu, nikasema, ni benchi la mninga, jipya, la watu wawili, likae barazani, kwa sababu la zamani limeibwa. Ustadhi akajitahidi asicheke, akashindwa. Mzee Salehe akasema amekubali kila neno, na benchi atalitengeneza la watu watatu ili Firdausi asisimame.

Ndipo nikasema nimeridhia. Nikalisema mara moja tu, wazi, nikakaa kwenye mkeka.

Ulichokisikia baada ya hapo ni dua na vigelegele, kisha Yahya akakata simu. Ambacho hukukisikia ni hiki. Ustadhi alipomaliza, Naila akakimbilia jikoni kuandaa vyombo vya soda walizozificha kwa jirani, maana kwa mpango wao ndoa ingekuwa ya soda na kashata. Akafunua sufuria kubwa atafute bilauri, akakuta pilau. Pilau ya kuku, imeiva, imefunikwa kwa makaa, na kando yake kachumbari. Akarudi sebuleni na mfuniko mkononi, akasimama mbele yangu. Kisha akanitazama miguu, akaiona hina. Ilikuwa imeshakolea, na hina haikolei kwa dakika moja.

Naam, kaka. Nilijua.

Nilichokikuta Jumatano nyuma ya kabati langu ni ule mkeka. Niliukunjua chumbani, nikapitisha vidole kwenye ukili wake, ule mkanda wa ukindu uliosukwa. Mwanamkuu wifi yangu anasuka kwa mkono wa kushoto. Ukili wa watu wote unalalia upande mmoja, wa kwake unalala upande wa pili. Tangu alipoolewa kwetu sijawahi kuona mwingine wa namna hiyo. Nikakaa kitandani, nikafikiri. Kama mngekuwa mnataka kunihamisha, vitu vingetoka Kibaha kwenda Mzenga. Huu umetoka Mzenga kuja Kibaha. Tena ni mpya, haujasaliwa hata rakaa moja. Nikakumbuka benchi lililoondolewa ili mgeni asiwe na pa kukaa ila ndani. Nikakumbuka saa anayokuja Mzee Salehe, baada ya Alasiri. Nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kucheka yote.

Jioni ile Mzee Salehe alipokuja nilimwambia kila kitu. Kisha akasema katika miaka yake yote ya jeshi hajawahi kuambiwa ambushi iko wapi na itaanza saa ngapi. Akasema hapendi nidhalilishwe, kwa hiyo Alhamisi hatakuja, na atatafuta mshenga wa heshima aje kwako Mzenga, kama inavyostahili. Ni mtu mwema, kaka, nakuambia ukweli. Lakini mimi ninakujua. Mshenga angekuja, wewe ungesema tuite kikao, kikao kingesema tusubiri mavuno, na mavuno yangepita nikiwa nimeshahamishiwa chini ya lile bati jipya ili niolewe kutokea nyumbani. Nikamwambia aje, saa ile ile ya kila siku. Na avae kanzu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, nimalize. Kifungo alikikata yeye kwa wembe, na alikiri mwenyewe jana, mtu mzima anaona haya kama mwali. Lakini mimi ni fundi wa miaka thelathini. Pazia lake la kwanza niliposhona pindo, mwisho wa uzi sikufunga fundo. Nilijua likitundikwa siku mbili litafumuka na atalirudisha. Kanzu vivyo hivyo. Mfuko wa suruali vivyo hivyo. Alipokuwa anadhani ananivizia, nilikuwa nimeshalala kwenye njia yake tangu Idi.

Kwa hiyo sikuumia kwa kuozwa. Niliumia kwa jambo moja, na nalisema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyebaki kwangu mahali pa baba. Yahya alikuambia tukimwambia atakataa, nawe ukakubali. Nani aliwaambia? Lini mliniuliza? Tangu baba Yahya afariki hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nalala vizuri, kama jioni inanielemea, kama nataka mtu wa kuongea naye. Mlipanga nihame, mkapanga niolewe, na kila mara mlipanga nyuma ya simtanki. Mliniwekea watu mlango wa mbele na wa nyuma kwa ajili ya kitu ambacho mngepiga hodi tu ningewapa. Hilo ndilo lililoniuma, kaka, na bado linaniuma kidogo hata sasa nikiwa na furaha.

Lakini nimekusamehe. Nimefanya hivyo kwa sababu sauti yako ulipokuwa unaniozesha ilitetemeka kidogo kwenye jina la baba. Ulidhani mtandao utaificha.

Yahya nimemwambia arudishe benchi la zamani. Kumbe lilikuwa uvunguni kwake, fundi hajaliona hata kwa picha. Mume wangu anakusalimu, anakuita shemeji, na anasema ile yenu kwa upangaji ilikuwa ambushi nzuri, ila mlisahau kumchunguza adui. Firdausi anakuamkia. Nisalimie wifi, mwambie mkono wake wa kushoto ndio uliowafichua, na mkeka haurudi, tumeutandika chumbani. Goti lipake mafuta ya nazi yenye karafuu, na usilitie jua.

Jambo la mwisho. Mimi na Salehe tutakuja Mzenga kukuamkia, kama inavyompasa bwana harusi kwa walii wa mkewe. Wifi asichinje kuku kwanza, wala usiulize kwa Yahya, kwa sababu hata yeye hatajua. Siku sitaitaja.

Mdogo wako akupendaye,

Mwanamvua binti Maulidi